Maskani ya kahawa ya kule Shella, Malindi: kahawa safi, taarifa, mpira, na ubishi usio na matusi

Nimetaka kuandika kuhusu hii maskani muda mrefu, kila nikianza naacha manake naona nitaandika robo tu ya yaliyomo. Lakini juzi kuna dada kaniuliza, hapa Malindi mtu akitaka kukaa mahali anywe kahawa, asikize taarifa, aangalie mpira na atoe maoni yake ya siasa bila kutukanwa, aende wapi? Nikamjibu hapohapo sikufikiria hata, basi nikaona bora niandike kabisa na wengine wasome.

Haina jina wala bango. We ulizia kwa ami wa kahawa upande wa Shella, ile njia ya kuelekea nguzo ya Vasco da Gama, kabla hujafika pwani unaingia kichochoro cha mkono wa kulia, hata mtoto atakupeleka. Nje kuna baraza mbili za saruji zimetazamana na paa la makuti limetokeza mbele, ndani chumba kimoja cha mabenchi na runinga kubwa ukutani, na pale mlangoni ndo jiko la makaa na madele mawili, moja la kahawa chungu na moja la tangawizi. Ni hivo tu.

Kahawa kwanza. Kikombe shilingi 10, chungu au tangawizi bei moja, kashata 10, hamri 10, na viazi karai vinaletwa jioni na mama wa nyumba ya pili pamoja na ukwaju wake mzito wa pilipili. Buni anakaanga ami mwenyewe asubuhi, anatwanga kwa kinu, na ukipita kile kichochoro saa mbili asubuhi harufu yake unaipata kabla hujakata kona. Ladha yake ni chungu kweli lakini haikwangui koo, unaisikia iliki kwa mbali mwishoni, na chini ya kikombe hukuti machicha manake anaiacha itulie kwanza ndo anamimina. Jambo jengine nililolipenda, kahawa ikikaa sana kwenye moto anaimwaga, haongezi maji juu yake kama wanavofanya sehemu nyingi za stendi. Nimeona kwa macho yangu dele zima linamwagwa saa tatu usiku na watu bado wamekaa, na akaanza upya.

Sasa niseme mapema kitu kimoja, mimi ni mwanamke, na maskani ya kahawa kwetu ni mambo ya wanaume, tunajuana. Sikuingia pale kwa kutafuta kahawa. Baba yangu amekaa kwenye ile baraza tangu mimi sijaolewa, na miaka minne iliyopita macho yakaanza kumpotea, presha ya macho, daktari akasema kilichoenda hakirudi tunaweza tu kulinda kilichobaki. Kilichomuumiza baba zaidi haikuwa njia, njia anaijua kwa miguu yake, ilikuwa gazeti. Yeye ndo alikuwa msomaji wa baraza, Taifa Leo ikifika anaisoma kwa sauti kuanzia ukurasa wa mbele mpaka wa michezo na wenzake wanasikiza na kuuliza. Siku moja akarudi nyumbani mapema akakaa kimya, mama akamuuliza una nini, akasema gazeti kapewa kijana mmoja na anarukaruka maneno. Kesho yake nikafunga cherehani yangu saa kumi na moja, nikamshika baba mkono, nikaenda naye, na gazeti nikasoma mimi.

Ami hakusema kitu mbele ya watu. Aliingia ndani akatoa kiti cha mbao chenye mgongo akakiweka kando ya mlango, karibu na pale anapokaa baba, akaniambia, "Hapa pako mwanangu, anza na ukurasa wa mbele." Kuna mzee mmoja akaguna, ami akamtazama tu yakaisha. Saivi wanakuja kina mama wengine pia, wanne watano, ametutengea benchi la ndani karibu na dirisha na hakuna mwanamume anayelikalia hata pakiwa pamejaa vipi, na siku za mechi anayetaka kulikalia anaambiwa kwa adabu asimame. Mimi huduma kama hiyo sijaiona mahali pengine mjini hapa, hata kwenye mikahawa ya bei kubwa ya kule ufuoni ambako unakaribishwa kwa mdomo halafu unatazamwa toka unaingia mpaka unatoka.

Pana masharti na masharti yenyewe hayajaandikwa popote. Saa moja usiku ni taarifa ya Kiswahili, hata mpira uwe unachezwa wapi, taarifa ya habari kuu inasikizwa mpaka mwisho ndo mtu anaomba abadilishiwe. Anayezungumza anaachwa amalize. Ami ana ile koleo ya makaa, mtu akimkatiza mwenzake anagonga dele mara moja, ting, na yule aliyekatiza ananyamaza, nimeona watu wazima wenye vyeo vyao wananyamazishwa na ile sauti. Kabila la mtu halitajwi kwa ubaya, mzazi wa mtu hatajwi kabisa. Na mikeka ya kubeti haizungumzwi pale ndani.

Hili la kubeti nataka nilikalie kidogo. Mabanda mengi ya mpira Malindi saivi hayana mpira, yana pesa. Mtu ameweka mia mbili kwenye mechi saba, basi timu yake yenyewe ikifungwa anashangilia kwa vile kwenye simu yake alisema watafungwa, dakika ya tisini kona inapigwa na kijana wa miaka kumi na tisa anatetemeka kama ana homa, mimi nina ndugu yangu mdogo alipitia haya na tulimlipia madeni, kwa hivo sisemi kwa kusikia. Ami alisema kwake mtu aje kuangalia mpira, na aliyeweka pesa akamlilie mwenye kuipokea. Kuna vijana waliacha kuja kwa sababu hiyo, ni hasara kwake manake ndo wanaolipa kiingilio cha shilingi 30 cha siku za mechi, lakini hakubadilisha.

Sasa mazungumzo yenyewe, ambayo ndo sababu ya kuandika haya yote. Nitatoa mfano wa mwaka mmoja tu wa 2025, na utashangaa manake ni mambo ya Madagascar.

Jumamosi ile ya Februari 15 Raila Odinga anagombea uenyekiti wa Tume ya Umoja wa Afrika kule Addis Ababa, chumba kimejaa kama fainali. Kijana mmoja kachana boksi akaandika majina matatu kwa kipande cha makaa, wa kwetu, wa Djibouti, na wa Madagascar. Duru ya kwanza Raila 20, Djibouti 18, Madagascar 10. Duru ya pili Raila 22, Djibouti 19, hapo watu washaanza kuagizana kahawa. Baba yangu haoni boksi lakini hesabu anayo kichwani, akasema taratibu, tusishangilie bado, tujiulize zile kura za Madagascar zikiachiliwa zitaenda wapi. Duru ya tatu mambo yakageuka, na yakaendelea kugeuka mpaka yule wa Djibouti, Mahmoud Ali Youssouf, akafikisha 33 na mchezo ukaisha. Pale ndani palikuwa na watu wa ODM, chama cha Raila, wa toka zamani, na kulikuwa na watu ambao hawajampigia Raila kura hata siku moja, lakini siku hiyo nilichosikia ni uchambuzi, nani aliahidiwa nini, nchi zinazozungumza Kifaransa zilisimama wapi, swala la dini lilikuwa na uzito au halikuwa nao, mbona tulianza kusherehekea Nairobi kabla kura hazijapigwa. Nilitoka pale nimeelewa zaidi kuliko taarifa yenyewe ilivonieleza.

Agosti ikaja CHAN, ile michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, tukiwa wenyeji sisi na Tanzania na Uganda, Benni McCarthy ndo kocha. Jamani ule mwezi! Tulianza kwa kumpiga Kongo ya Kinshasa moja bila, tukatoka sare na Angola moja moja, halafu Jumapili ya tarehe 10 tukakutana na Morocco. Ryan Ogam akafunga, Kasarani ikalipuka na Shella ikalipuka, halafu hata mapumziko hayajafika tukapewa kadi nyekundu, yaani kipindi kizima cha pili watu kumi wanakinga lango dhidi ya Morocco. Wazee ambao huwa wanasema mpira wa Kenya haufai walikuwa wamesimama, baba ananishika mkono ananiuliza wako wapi saivi, mpira uko upande gani, na mimi namtangazia sikioni kama mtangazaji wa redio, huyu kaokoa, huyu kapiga nje, mpaka kipenga. Sijawahi kumuona baba akilia kwa mpira, siku hiyo alilia. Halafu Zambia nayo moja bila, Ogam tena.

Na hapo ndo siasa ikaingia. Rais alikuwa ameahidi kila mchezaji milioni moja kwa kila mechi watakayoshinda, na pale maskani palizuka mjadala uliokwenda siku tatu. Wengine wanasema vijana wamestahili, mchezaji wa ligi yetu anakaa miezi hajalipwa mshahara, acha wapate. Wengine wanasema sawa lakini pesa ya nani, imepangwa kwenye bajeti gani, mbona walimu na madaktari wakidai chao wanaambiwa hakuna. Mimi nilisema na nasema tena hapa, mchezaji alipwe vizuri kila mwezi kwa mkataba, na uwanja wa Alaskan hapa kwetu utengenezwe vijana wacheze kwenye nyasi, hiyo ndo zawadi, milioni ya ghafla mbele ya kamera inamnufaisha anayetoa zaidi ya anayepokea. Kuna mzee alinipinga vikali na alikuwa na hoja, akasema mwanangu we unazungumza habari ya mfumo, yule kijana mama yake anaumwa leo. Sina jibu la hilo mpaka sasa.

Ijumaa ya tarehe 22, robo fainali, Madagascar. Tukatangulia baada ya mapumziko, kichwa cha Omija, wakarudisha kwa penalti, dakika zikaisha moja moja, muda wa nyongeza hakuna kitu, tukaenda matuta. Nne kwa tatu, wakapita wao. Kimya. Halafu kutoka pembeni kabisa baba akasema, "Madagascar tena." Hakuna aliyecheka wala kulaumu, watu walikaa tu wakanywa kahawa yao na ikaanza hadithi ya jinsi kisiwa kile kilivokuwa kinashindana nasi kila mahali mwaka mmoja. Wale vijana wakafika mpaka fainali na wakafungwa na Morocco tatu kwa mbili, na pale maskani siku hiyo wengi walikuwa upande wa Madagascar.

Septemba mwishomwisho vijana wa kule Madagascar wakaingia barabarani kwa sababu ya maji na stima kukatikakatika. Basi pale ndani zikarudi habari za Juni 25, 2024, ile siku ya vijana wa Gen Z walivoingia bungeni Nairobi kuupinga Mswada wa Fedha, watu wakapigwa risasi, na kesho yake Rais akasema hatii sahihi. Mwaka ule ule wa 2024 pale pale barazani kuna kijana aliwauliza wazee, nyinyi mmezungumza hapa miaka mingapi na nini kimebadilika, na ami hakugonga dele, aliliacha lile swali likae. Kuna mzee akamjibu kwamba yeye alikuwa Nairobi Agosti ya 1982 wakati wa jaribio la mapinduzi, aliona maiti njiani, ndo maana akisikia watu wanakimbia barabarani moyo wake unasimama, si kwa kuipenda serikali. Nakumbuka yule kijana alisogea akakaa karibu naye. Mimi niko na vijana kwa hili, mswada ule usingeondolewa kwa barua, lakini tangu siku ile sijamwita mzee yeyote mwoga.

Jumanne Oktoba 14 jioni tukakaa, gazeti nimelisoma, taarifa inasema jeshi limechukua madaraka kule Madagascar na Rais Rajoelina ameshaondoka. Tulizungumza mpaka saa tatu unusu. Kwamba vijana walitaka maji wakapata wanajeshi, je ni ushindi au ni nini. Tukaagana vile.

Kulipokucha, Jumatano, ndo simu zikaanza. Raila amefariki India, kule Kerala, alikuwa kwenye matembezi ya asubuhi. Miaka 80.

Nilifika na baba mapema kuliko kawaida. Watu walikuwa wamejaa mpaka kichochoroni na hakuna kelele. Gazeti la siku hiyo lipo mezani lakini lilichapwa usiku, kwa hivo ndani mwake hamna habari ya msiba. Nikamuuliza baba nisome nini, akasema soma hilohilo kama lilivo. Nikasoma. Ukurasa kwa ukurasa, gazeti lililochapwa jana ambalo halijui, na watu wanasikiza, na nilipofika habari za siasa mahali wanapomtaja yeye kama mtu aliye hai sauti ilinikwama, mzee mmoja akasema "endelea mwanangu" nikaendelea. Kuna bwana mmoja pale ambaye miaka yote amekuwa mpinzani wa Raila, alimlaumu kwa hendisheki ya Machi 2018, yaani kule kupatana na Rais wa wakati ule Uhuru Kenyatta, na akamlaumu tena kwa makubaliano ya Machi 2025 na Rais Ruto, alikuwa akisema huyu mzee anatupandisha mlimani halafu anashuka peke yake kwa gari. Yeye ndo aliyechukua dele siku hiyo kwa mkono wake akaanza kuwamiminia wazee wa ODM mmoja mmoja. Ami alimwachia dele. Runinga ilikuwa imewashwa siku zile zote, Kasarani, Nyayo, Kisumu, mpaka mazishi Bondo Jumapili ya tarehe 19, na hakuweka kiingilio na hakuna aliyeomba mpira.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu mtu anaweza kuniuliza, sasa dada hiyo ni maoni ya huduma au ni nini. Ndo huduma yenyewe hiyo. Kahawa ya shilingi 10 unaweza kuipata popote.

Kisha Novemba. Uchaguzi mdogo wa ubunge wa Magarini, jirani zetu hapo ukivuka tu daraja la Sabaki. Wasiojua, mwaka 2022 Harrison Kombe alishinda kwa kura 21 tu dhidi ya Stanley Kenga, kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Juu na ushindi ukafutwa, kwa hivo kura ikarudiwa tarehe 27. Wengi wanaokaa pale maskani wana mashamba au wake au wazazi Mambrui na Gongoni, kwa hivo moto ulikuwa moto. Wiki mbili kabla akaja mpambe wa mgombea, simtaji na wala chama sikitaji, kavaa vizuri, kasalimia, akatoa noti za elfu akasema kahawa ya leo ya wote pale ni juu yake na kesho pia. Ami akamwambia, "Hapa kila mtu ameshalipa." Hakuna aliyekuwa amelipa bado, tunalipa tukiondoka. Yule bwana akasisitiza, ami akammiminia kikombe, akamwambia karibu kahawa, hii ni ya kwangu kwako, keti uwaeleze watu mtafanya nini kuhusu maji. Akaketi. Alikaa saa nzima akaulizwa maswali ya maana kuhusu maji na hatimiliki za ardhi, mengine alijibu mengine hakuweza, na akaondoka na noti zake. Kombe ndo alirudi mwishowe kwa tikiti ya ODM, na watu wa upande wa Kenga kesho yake walikuwa pale pale kwenye baraza wakieleza kwa nini wanaona wameshindwa, na wakasikizwa.

Niongeze la riadha manake limenigusa mimi binafsi. Mashindano ya dunia ya Tokyo yalikuwa Septemba, na kwa saa zetu fainali nyingi ni alasiri wakati watu wako kazini, mabanda mengine hawawashi hata runinga, wanasema riadha haina wateja. Kina mama tulimuomba ami, akawasha kila siku. Kenya tulipata dhahabu 7 tukawa wa pili nyuma ya Marekani, na kati ya hizo 7, sita ni za wanawake, ni Emmanuel Wanyonyi pekee wa mita 800 ndo mwanamume. Jumamosi ya mita 5000 Beatrice Chebet na Faith Kipyegon wa kwanza na wa pili, sisi benchi letu la dirishani tumesimama tunapiga vigelegele kama harusini, na kuna mzee wa Kitaliano anayeishi hapa miaka mingi, Kiswahili chake cha Malindi kabisa, naye anashangilia peke yake kwa vile Nadia Battocletti wa kwao kachukua shaba. Ami akampa kashata. Wiki hiyo wanaume waliokuwa wanasema riadha haina mvuto walianza kujifunza majina, mmoja akaniuliza Lilian Odira wa mita 800 katokea wapi, nikafurahi kweli.

Ligi ya Uingereza sitasema sana, wapo Arsenal wapo Man U wapo Liverpool, wanajuana. Msimu wa 2024/25 Man U walimaliza wa 15 na wakafungwa na Tottenham kwenye fainali ile ya Bilbao, na mashabiki wao walikuja siku zote na jezi zao hawakukosa, nawaheshimu kwa hilo.

Sasa mabaya manake yapo na sitaki mtu aende akasema hukutwambia.

Choo ni tatizo. Kiko nyuma, ni kimoja, mlango wake haufungi vizuri na kwa sisi wanawake hakifai kabisa, mimi huwa natoka naenda nyumbani ambako ni dakika tano, lakini mgeni afanyeje. Nimemwambia ami zaidi ya mara tatu.

Stima ikipotea hakuna jenereta. Siku ya nusu fainali moja ilipotea dakika ya sabini na tukamalizia kwa simu ya kijana mmoja, watu thelathini kwenye kioo kimoja, bando lake likaisha pia. Redio ipo, inatumia betri, lakini mpaka itafutwe ilipo.

Kile kichochoro usiku hakina taa. Kwa baba haimsumbui, kwa mama mzee anayetoka saa nne ni hatari, kuna mahali saruji imevunjika. Hili si la ami peke yake, lakini balbu moja juu ya ukuta wake haiwezi kumshinda.

Na siku za mechi kubwa viazi vinaisha mapema mno, saa mbili washamaliza. Mama mwenyewe anasema hawezi kuongeza karai ya pili manake mkaa umepanda bei. Ukitaka viazi nenda kabla ya taarifa.

Jengine, huyu kijana anayemsaidia ami siku za mechi ni mpole lakini anasahau nani kaagiza nini, mara mbili nimeletewa tangawizi wakati nimeomba chungu. Ukimwambia anabadilisha bila kununa.

Saa za kufungua ni baada ya swala ya alfajiri mpaka saa nne usiku, mchana anafunga kidogo adhuhuri, Ijumaa anafungua tena baada ya swala. Mwezi wa Ramadhani ni usiku tu, na ndo wakati mzuri kuliko wote manake watu wanakaa mpaka daku. Hakuna kulipa kwa kadi, ni pesa taslimu au kwa simu. Kuegesha gari hamna, uje kwa miguu au tuktuk ikuache barabarani.

Mwaka wa 2027 una mawili kwa pamoja, uchaguzi mkuu Agosti, na Kombe la Afrika ambalo tutaliandaa sisi na majirani wale wale wa CHAN. Ami anazungumzia kununua runinga ya pili iwe nje barazani, moja ya taarifa na moja ya mpira. Baba hataki, anasema watu watagawanyika wawili, wa siasa nje na wa mpira ndani. Wanabishana wale wawili tangu mwezi uliopita na hawajafikia mahali. Mimi niko na baba kwa hili, na nimemwambia ami pesa ya runinga ya pili ajengee choo cha wanawake, akasema atafikiria, na juzi nimeona fundi kaja na futi anapima ule upande wa nyuma.